Pupu wa Harusi ya Mama Tepaeru

Oneroa, Mangaia
9 Machi 1982

Sasa pale nilipoishia, mwanangu Aerenga, ni pale Akaiti aliposimama kwenye kikao. Ile barua ya juzi niliifunga mbio maana yule wa posta alikuwa ameshashika mfuko wa ndege mkononi, ananiambia Mama Ngametua wewe ukianza kuandika rubani anaota mvi. Nikaibandika hivyo hivyo, hata jina langu sikuweka. Na hapa tena nimeanza bila salamu. Hujambo? Kifua chako na hiyo baridi ya Lower Hutt vinapatana? Ile fulana niliyokufumia unaivaa au umempa msichana? Sisi huku wazima, nanasi zimeiva mpaka nguruwe wamezichoka. Mzima asiyekuwa mzima ni Bibi yako tu, na ndiyo habari yenyewe.

Ngoja nianze nyuma, maana ile barua ilikuwa vipande vipande. Si wewe mwenyewe uliyeandika mwaka jana kwamba hapo maabara unapooshea chupa wana mashine ya kupima umri wa vitu vya kale, na wanataka kuijaribu kwa kitu ambacho umri wake unajulikana kabisa, wapime, waone kama mashine inasema kweli? Ukasema magamba yenye tarehe yanafaa. Mimi nikamwambia Mama, bibi yako. Hakufikiri mara mbili. Akatoa mkufu wake wa harusi wa magamba ya pupu, akakata nyuzi kumi na mbili kwa mkasi, akafungua Biblia tukaonyeshana: Agosti 1924, kwa mwandiko wa babu yako. Pupu wote aliokota mwenyewe wiki mbili kabla ya kuolewa. Alifurahi, Aerenga. Alizunguka kijiji kizima akisema wazungu wa New Zealand wameshindwa kuiamini mashine yao mpaka Tepaeru awasaidie.

Halafu ikaja barua yako ya Januari. Kwamba mashine imesema pupu hao walikufa miaka mia nane iliyopita. Na kwamba mkubwa wenu Bwana Hadfield anasema mashine haina tatizo, ila aliyetunga mkufu aliokota magamba ya zamani, yaliyokufa siku nyingi, labda mapangoni.

Sasa nakiri. Barua niliisomea mlangoni mwa duka. Sikuweza kungoja kufika nyumbani, unanijua. Mwenye duka akauliza habari za Aerenga, nikamsomea kidogo. Kidogo tu. Nilisoma mpaka kwenye mapango. Saa nne asubuhi hiyo. Mchana kijiji cha Tamarua wakawa wanaijua, jioni Ivirua nako wanaijua, na kila inapopita inaongezwa chumvi. Na wewe unajua mapangoni kuna nini. Na unajua pango lililo juu ya shamba letu la mataro ni la ukoo wa nani.

Basi kikao cha akina mama wa kanisa, tunapanga nyimbo, Akaiti akasimama. Hakupaza sauti, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. Akasema, "Tepaeru, kwa heshima yako yote. Mifupa ya wazee wangu imelala mle ndani. Uliingia kuokota nini?"

Mama akavua kofia yake nyeupe, ile yenye pupu kuzunguka, akaiweka juu ya benchi, akatoka. Nikamfuata na pikipiki, akakataa kupanda. Miaka sabini na saba, jua la saa sita, anatembea na mimi nyuma yake naendesha polepole kama nasindikiza mazishi.

Nyumbani ndipo aliponiambia neno la mwisho. Akaniuliza, "Umetoboa pupu tangu una meno ya utoto. Ganda la mfu linakubali sindano?"

Nikasema halikubali, linapasuka.

"Basi mkono wako ulikuwa unajua. Ukaamini karatasi."

Tangu siku ile hajanisemesha. Wiki ya tatu hii. Anasema na nguruwe. Nikiunguza chakula anamwambia nguruwe mwambie yule mpishi mataro yanaungua. Ningecheka, lakini kofia bado iko kule juu ya benchi, hakuna anayeigusa, na Jumapili mbili hajaenda kanisani. Sahani anaisukuma. Mimi sikai. Nikikaa nasimama, nikisimama natoka nje, nikitoka watu wanakatisha maneno yao.

Na mimi najua alikookota. Ni kule kule tunakookota sote, juu ya makatea, jabali letu hilo la mawe makali, asubuhi baada ya mvua, pupu wanapotoka kwenye nyufa na kujibandika kwenye mawe wakilamba. Alikuwa na kopo na miguu ya miaka kumi na tisa. Iulize mashine yako kama imewahi kupanda makatea bila viatu.

Nijibu upesi.
Shangazi yako,
Ngametua

*

Lower Hutt
24 Machi 1982

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na Bibi umpe shikamoo yangu hata kama haitikii. Mimi mzima, kifua kimetulia, fulana naivaa mimi mwenyewe.

Barua yako niliisoma kazini nikashindwa kuosha chupa. Shangazi, kosa la kwanza ni langu. Ningekwambia usimsomee mtu. Lakini ingekuwa kama kumwambia jogoo asiwike.

Sasa sikiliza jambo lililotokea. Bwana Hadfield aliniona nimekaa tu, akauliza nina msiba gani. Nikamweleza. Akasikitika kweli, ila akasema mashine imehesabu sawasawa, walirudia mara mbili, na hata ile miaka wanayopunguza kwa ajili ya vitu vya baharini walishaipunguza. Mimi kwa hasira nikamfasiria barua yako, neno kwa neno, aone Bibi ni mtu wa namna gani. Nilipofika pale pupu wanapotoka kwenye nyufa na kulamba mawe, akaweka kikombe chini. Akauliza, "Mawe gani? Hawa si wa baharini?"

Shangazi, mwaka mzima wote hapa walidhani pupu wanatoka baharini. Kisiwa, magamba, wakaona ni bahari. Mimi sikusema, maana nani asiyejua kwamba pupu ni konokono wa nchi kavu? Kwetu hata mtoto mchanga anajua. Wao hawakuuliza, mimi sikusema.

Nakueleza kwa taa ya mafuta. Kila kilicho hai kinapata kaboni toka hewani, na ndani yake kuna kidogo inayoisha polepole, kama mafuta ndani ya taa. Kiumbe kikifa hakijazi tena. Mashine inapima mafuta yaliyobaki, inasema taa hii ilijazwa mwisho mwaka fulani. Lakini jiwe la makatea ni kongwe mno, halina hata tone. Pupu akilamba jiwe, ganda lake analijenga kwa hewa kidogo na jiwe kidogo. Yaani taa yake haijawahi kujaa tangu anazaliwa. Mashine inaiona imepungua, inadhani ni ya zamani.

Bwana Hadfield anasema huenda ndivyo. Huenda. Hataki kuandika jambo kwa kubahatisha, na mkufu wa Bibi hauwezi kujishuhudia wenyewe. Anataka mkufu mwingine, wa familia nyingine, uliotungwa na mikono mingine, tarehe yake ikiwa na uhakika. Nao ukionyesha mamia ya miaka ya uongo, basi Bibi ametoka lawamani.

Mambo mawili muhimu. La kwanza, uwe umetungwa kabla ya 1950. Mabomu yale ya nyuklia waliyolipua angani, ya Wamarekani, na ya Wafaransa kule Moruroa, yamejaza hewani mafuta hayo ya taa kupita kiasi, kwa hiyo konokono wa siku hizi hafai kwa kipimo hiki. La pili ni gumu. Magamba hayarudi. Wanayayeyusha kwenye tindikali mpaka yanakuwa hewa tupu.

Mwanao,
Aerenga

*

Oneroa
15 Aprili 1982

Mwanangu Aerenga,

Habari za siku. Sisi tupo, mvua zimekuja, pikipiki imekufa taa ya mbele. Bibi yako yupo kama alivyokuwa. Amekonda mikono.

Hiyo habari ya taa nimeielewa, nimewaeleza watu kumi na wanne. Mwenye duka anasema ni hadithi nzuri lakini Aerenga ni mjukuu wa Tepaeru, atasema nini kingine? Ndiyo wanavyosema wote. Wanaitikia kwa kichwa, wanakuja kunigusa bega, nikigeuka wanaangaliana.

Mikufu ya kabla ya 1950, unajua kazi uliyonipa? Sisi tukitunga tunamvisha anayeondoka. Kila mkufu mzuri wa kisiwa hiki uko shingoni mwa mtu aliyepanda meli. Nimezunguka nyumba kwa nyumba. Kwa mzee mmoja kule Ivirua nilionyeshwa mmoja, nikashangilia, kumbe wa 1961. Mwingine tarehe wanabishana mke na mume mbele yangu, mke anasema mwaka wa ubatizo wa mtoto wa kwanza, mume anasema mtoto yupi, nikawaacha wanatupiana maneno.

Uliobaki wenye tarehe isiyopingwa ni mmoja. Unajua wa nani. Mama yake Akaiti alitunga mkufu Juni 1938, akaumaliza Jumamosi, akafa Jumatano. Tarehe iko kwenye kaburi lake. Akaiti alikuwa na miaka tisa, alikuwa anamshikia kopo.

Nikaenda. Nilikuta anapalia. Nikamweleza jiwe, taa, mashine, nikamweleza mpaka Wafaransa. Aliendelea kupalia. Nilipofika kwenye tindikali ndipo alipoinua uso. Akasema, "Mmeanza na mifupa ya wazee wangu. Sasa mnataka na mikono ya mama yangu." Akanipa mgongo.

Sikumlaumu. Ila njiani niliongea peke yangu mpaka mbwa wakanikwepa.

Sasa usinigombeze. Majuzi mvua ilinyesha usiku, alfajiri nimempigia mchungaji mlango, nikamwambia chukua saa yako na karatasi tupande. Masikini yule mtu wa Rarotonga, hajazoea mawe yetu, suruali imechanika. Nimeokota kopo tatu mbele ya macho yake, konokono wanatembea kabisa, na yeye ameandika: hai, tarehe kumi na mbili Aprili, saa kumi na mbili na robo, na sahihi yake. Kopo ziko kwenye ndege hii. Najua umesema wa siku hizi hawafai kwa sababu ya mabomu. Lakini mabomu ni ya Wafaransa, pupu wangu wana kosa gani? Mwambie Bwana Hadfield ajaribu tu. Mimi siwezi kukaa nikingoja bila kutuma kitu.

Shangazi yako asiyelala,
Ngametua

*

Lower Hutt
29 Aprili 1982

Shangazi,

Shikamoo. Kopo zimefika. Forodha walizifungua, wanauliza kwa nini zinanuka. Ningepewa adhabu kama si mkubwa kunitetea.

Hawafai, Shangazi. Bwana Hadfield amesema ukweli wenyewe: hawa wangeonekana wapya kabisa, maana hewa iliyojaa inafunika upungufu wa jiwe. Watu wangesema, mnaona, pupu wazima mashine inawajua, basi wale wa Tepaeru walikuwa wafu. Ungemzika Bibi kwa mkono wako. Tafadhali usimwambie mtu kwamba ulituma.

Mkufu ni wa Akaiti au hakuna. Mashine ina nafasi mwezi wa Juni tu, kisha wanaifungua kuitengeneza, na itachukua mwaka.

Nifikishie salamu kwa Bibi. Nimemwota.

Mwanao,
Aerenga

*

Oneroa
20 Mei 1982

Aerenga mwanangu,

Salamu nyingi, uzima tunao kiasi. Unapoifungua barua hii shika na kile kifurushi kingine, usikitupe ukadhani ni biskuti. Kimefungwa kwenye kitambaa cha mto. Fungua ukiwa umekaa.

Nitakueleza kilivyopatikana, na usinikatize.

Niliposoma kwamba pupu wa mchungaji wangemzika Mama, nikaikunja barua nikaificha. Kwa sababu nilishawaambia watu, Aerenga. Nilishawaambia wote kwamba kopo zimeondoka. Ulimi wangu huu, sijui nani aliniwekea. Nikakaa nyuma ya nyumba, Mama yupo upande wa mbele anamwambia nguruwe kwamba kuna mtu analia huko nyuma, sijui amefiwa.

Nikaanza kufikiri kwamba mimi kila mahali nimeeleza habari za mashine, na za jiwe, na za wazungu waliodhani ni bahari. Makosa ya watu wote nimeyaeleza. La kwangu sijalitaja popote. Watu wa kisiwa hiki mpaka leo wanadhani habari ilitoka maabara ikaruka yenyewe mpaka Tamarua.

Kikao cha Alhamisi nikasimama. Walidhani naomba ruhusa ya kutoka. Nikasema barua ile ilikuwa ya kwangu peke yangu, nikaisoma mlangoni mwa duka kwa sababu ilikuwa tamu kusoma. Nikasema mimi nimetoboa pupu miaka arobaini, na hakuna hata mmoja kati yenu asiyejua kwamba ganda la mfu linapasuka kwenye sindano, na mkufu wa Mama una magamba zaidi ya elfu, yote yamekubali. Nilijua hayo siku ile ile mlangoni. Na bado nilifikiri, labda. Labda aliingia pangoni. Mama yangu mzazi. Nilifikiri hivyo dakika ile, na kwa sababu nilifikiri, nikasema.

Nikakaa. Mmoja akaanzisha wimbo kwa sauti ndogo maana hawakujua la kufanya, tukaimba.

Nje, Akaiti akanisimamisha kwenye pikipiki. Nikajiandaa kutukanwa. Akasema, "Mimi silali, Ngametua. Tangu Februari nawaza nani aliwashika. Kila mfupa nauhesabu kichwani." Nikamwambia hawakushikwa. Akasema maneno yako hayanilazi. Hilo nilikubali, nani atalazwa na maneno yangu?

Kisha akaniuliza mashine inataka nyuzi ngapi. Nikasema kumi, kumi na mbili. Akauliza tena kama kweli hautarudi hata mmoja. Nikasema hata mmoja, unakuwa hewa.

"Mama yangu aliimba wakati anatunga ule," akasema. "Sina kingine chake."

Akaenda nyumbani, mimi nyuma. Alikata mwenyewe, hakunipa mkasi. Alikuwa anakata na kuhesabu kwa sauti, kwenye uzi wa saba alisimama akaenda kunywa maji akarudi. Kumi na moja. Ule wa kumi na mbili alishindwa, nikamwambia kumi na moja zinatosha, nami sijui kama zinatosha. Zitoshe, Aerenga. Mwambie Bwana Hadfield zitoshe. Na mwambie anayemimina hiyo tindikali amimine polepole, najua ni ujinga, lakini mwambie.

Nimemwambia Akaiti kwamba ukweli wowote utakaotoka, hata ukiwa mbaya kwetu, nitausoma mbele ya wote. Ameniambia hilo ndilo jambo pekee analoamini kuhusu mimi, kwamba nitasoma.

Shangazi yako,
Ngametua

*

Lower Hutt
8 Julai 1982

Shangazi mpendwa,

Shikamoo wewe, shikamoo Bibi, na shikamoo Mama Akaiti, maana hii ni barua yenu watatu. Mimi mzima. Samahani kwa kimya, mashine haiharakishwi, inahesabu usiku na mchana kwa siku nyingi.

Nyuzi kumi na moja zilitosha. Nilimimina mimi mwenyewe. Niliomba, wakaniruhusu. Nilimimina polepole.

Mkufu wa mama yake Akaiti, uliotungwa Juni 1938 na mtoto wake akiona kwa macho, mashine imesema una zaidi ya miaka mia nane. Umekaribiana na wa Bibi, umepishana kidogo tu. Konokono aliyeokotwa hai, tarehe yake iko kaburini, mashine inamwita mzee wa karne nane. Kwa hiyo mashine haimjui pupu wa makatea, na haiwezi kumjua mpaka atolewe lile jiwe alilokula.

Bwana Hadfield ameandika barua yake mwenyewe, nimeiweka humu pamoja na tafsiri. Anasema alikosea aliposema mapango. Alitakiwa kuuliza kwanza mnyama anaishi wapi. Anasema pia kwamba kuanzia sasa mtu yeyote akileta konokono wa nchi kavu toka visiwa vya chokaa, ataambiwa angoje, kwa sababu ya wanawake wawili wa Mangaia. Anaomba ruhusa ya kuandika majina yao.

Bibi hakuingia pangoni, Shangazi. Wazee wa Akaiti hawakuguswa na mtu.

Usisomee dukani.

Mwanao,
Aerenga

*

Oneroa
27 Julai 1982

Mwanangu Aerenga,

Salamu utazikuta chini, leo zinangoja. Sikusomea dukani. Mwenye duka alinishika mkono kabisa, nikamwambia niachie. Nilikwenda moja kwa moja kwa Akaiti, nikampa barua mkononi asome yeye wa kwanza, mimi nikasimama uani nikitazama kuku wake. Nilihesabu kuku mara tatu. Alipotoka alikuwa amevaa kofia ya kanisani, na ilikuwa Jumatatu.

Tukapita kanisani kwanza. Alichukua ile kofia ya Mama toka kwenye benchi, akaipangusa vumbi kwa gauni lake. Halafu kwetu. Mama alikuwa ukumbini na sinia lake la pupu. Akaiti akapiga magoti, na magoti yake yale mabovu, akasema, "Mama Tepaeru, nimekuja kuchukua neno langu." Mama akamuuliza kama mama yake alitunga kwa uzi wa mgomba au wa dukani. Akaiti akasema wa dukani. Mama akasema alimwambia yule mtu kwamba uzi wa dukani unaoza, hakusikia. Wakacheka, mpaka wakalia, wakakaa pale mpaka saa tisa wanaongea habari za watu waliokufa kabla mimi sijazaliwa, na mimi naleta chai, naondoa vikombe, naleta tena.

Jumapili nilisoma zote kanisani, yako na ya Bwana Hadfield. Mama alikuwa kiti cha mbele na kofia yake. Kuhusu majina anasema waandike, ila waandike sawasawa, na la mama yake Akaiti litangulie maana ndiye aliyetoa asichoweza kutunga tena. Anakula. Jana alimaliza sahani akamsifu nguruwe kwa mapishi.

Ndiyo. Bado nguruwe.

Akaiti anasemeshwa, mchungaji anasemeshwa, mwenye duka aliyekuja na sukari ya kuombea radhi alisemeshwa nusu saa. Mimi kimya. Nilidhani barua yako ikifika yote yatakwisha. Nimelala siku nane nikigeuka geuka, nafua nguo zilizo safi, nimepalia shamba mpaka nimeng'oa mataro mazima.

Leo asubuhi ndipo nikaona. Nilisema kwenye kikao mbele ya wanawake arobaini kwamba nilimshuku. Nimekuandikia wewe. Yeye mwenyewe sijamwambia. Nilidhani ameshasikia, nani hajasikia? Lakini kusikia toka kwa Akaiti siyo kusikia toka kwangu.

Basi nimekwenda nikakaa sakafuni karibu na sinia. Nilitaka kuanza na habari za mashine nikajizuia. Nikamwambia, "Mama, nilidhani uliingia. Ilikuwa dakika moja, lakini nilidhani." Nikanyamaza hapo, Aerenga, na wewe unajua mimi kunyamaza kunanigharimu nini. Hakuinua macho. Alichukua pupu, akaingiza sindano, akavuta uzi. Akachukua mwingine. Nilikaa mpaka miguu ikafa ganzi, nikainuka, nikaja huku jikoni kukuandikia, kwa sababu mikono inataka kufanya kitu.

Sijui sasa. Labda atakufa anasema na nguruwe na mimi nitakuwa nimestahili. Nimechemsha mataro, sijui ya nani, siyo saa ya kula. Wewe huko usivue ile fulana mpaka Septemba, na huyo msichana uliyemtaja kwa mstari mmoja tu barua ya Krismasi, jina lake nani, watu wa wapi, anajua kupika nini, maana mimi nimeulizwa na watu nikakosa la

Ngoja kuna mtu anaita huko ukumbini.

Siyo nguruwe. Amesema Ngametua. Anasema Ngametua njoo unitungie uzi huu kwenye sindano, macho yangu leo hayaoni, njoo basi, unaandika nini huko siku nzima. Ameita tena, Aerenga, jina langu, kalamu naiweka hapa hapa